Usimpake Mdadisi Tona Ile

Chumba cha nyuma,
Nyumba yenye geti la kijani, nyuma ya hospitali.
Jumatano asubuhi, katikati ya majira ya baridi.

Mpendwa mpwa wangu, Kinanda,

Kabla ya salamu, nivumilie. Ile tona iliyobaki chini ya pipa lako usimpake mtoto usoni. Usimpake Jumamosi, usimpake siku nyingine yoyote, wala usijaribu tone moja mkononi mwako ili kuona kama Mjomba anasema kweli. Najua barua haianzi hivi. Nilipokuwa mwalimu, mwanafunzi aliyetanguliza shida kabla ya salamu nilimkata alama. Leo nikate mimi.

Sasa nakusalimu. U hali gani, mwanangu? Mkwe wangu naye, mgongo umempa nafasi? Na binti yako Mdadisi, kile kikohozi alichoondoka nacho kwenda bweni kimekwisha, au bado anakohoa kwa fahari kama mwenyekiti anayetaka watu wanyamaze? Huko kwenu najua theluji imefika madirishani. Baridi ya hapa haina theluji, lakini inauma, nami sina tena nyama ya kuizuia.

Afya yangu si ya kuulizia sana. Mapafu yanajaa maji, yanatolewa, yanajaa tena. Sauti imekwenda kabisa, kooni umebaki upepo tu. Daktari alikuja kuniambia alilokuja kuniambia, na kabla ya kulisema alivuta kiti akakaa. Daktari akivuta kiti, ujue. Sikuandikii ili unililie. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu hutanisikia, na ujumbe mfupi niliokutumia jana umeuchekea.

Basi nitasema moja kwa moja jambo nililolificha tangu ulipokuwa unatambaa. Hakuna chupa iliyobadilishwa. Mama yako hakuungua uso kwa dawa ya kuzibulia mabomba, na baba yako hakuchukua chupa isiyo yake. Kilichomuunguza marehemu dada yangu ni tona yangu mwenyewe, hiyo hiyo unayoipika wewe, iliyoharibika kwa njia hiyo hiyo ilivyoharibika kwako.

Nimeandika sentensi hizo nikaweka kalamu chini. Muuguzi wangu, mwenye nyumba hii, ameingia na vidonge, akaniuliza, “Mwalimu, mbona unatetemeka, ni baridi?” Nikaitikia kwa kichwa kwamba ni baridi. Unaona nilivyo mwepesi wa kudanganya, hata sasa.

Kila ukurasa nitakaoumaliza ataupiga picha kwa simu yake na kukutumia, kisha barua yenyewe itafuata kwa posta. Nimemnong'oneza asiisome. Amenijibu, “Kwa mwandiko huu, Mwalimu, hata nikitaka kuisoma itabidi nitafute mkalimani.” Kwa hiyo wewe jitahidi. Ukikwama mahali, rudia, usiruke.

Ule ujumbe wako wa sauti wa Jumapili ndio uliozua yote haya. Jana ndipo muuguzi aliponiwekea simu sikioni, nikakusikia na uchangamfu wako. Nauandika hapa kama ulivyousema, ili ujue niliusikia vizuri:

“Shikamoo Mjomba! Huku baridi imetushika mpaka masikio. Sasa sikia, mpwa wako naye amekuwa mkemia. Wateja wangu wa saluni walikuwa wanalalamika kwamba tona inawapasua kipindi hiki, mashavu yanatoka magamba kama samaki, na bado pua inang'aa mafuta. Nikakaa nikafikiri, nikapunguza spiriti nusu, nikaongeza maji ya waridi. Mambo safi! Ila pipa naliweka barazani maana ndani hakuna nafasi, na kule chini limefanya kitu kama sukari. Nadhani ndiyo nguvu yenyewe imeshuka. Hiyo siwauzii watu, namwekea Mdadisi. Uso wake siku hizi unaweza kukaangia yai! Akirudi Jumamosi naipasha kwenye maji ya moto, nampaka ya maana.”

Muuguzi alicheka pale pa yai mpaka akaweka sinia chini. Mimi nilimwonyesha kwa kidole arudie. Akarudia. Nikamwonyesha tena, arudie pale pa sukari. Alipouona uso wangu akaacha kucheka, akadhani nimezidiwa, akanipima pumzi.

Tulikutumia ujumbe hapo hapo: usitumie tona ya chini. Nawe ukajibu, na vile vikatuni vya kucheka: “Usiogope Mjomba, yale ya mama yalikuwa makosa ya baba, si ya tona yako. Tona yako haina kosa.” Nilipiga hesabu ya kukuandikia ujumbe mwingine mfupi nikaona nitakuwa mzee anayepiga kelele asiyesikilizwa. Wewe umelelewa ukiamini hivyo. Uliamini kwa sababu mama yako aliamini, naye aliamini kwa sababu mimi niliacha aamini. Huwezi kuacha kupaka kitu unachokiona salama kwa sababu tu mgonjwa mmoja amekukataza kutoka kitandani. Lazima ujue kwa nini.

Kwanza nikusifu, maana unastahili. Ulifikiri vizuri. Uso wa mafuta wakati wa baridi huwachanganya watu wengi. Mafuta hayaachi kutoka, ila maji ya ngozi yanakauka kwa upepo wa nje na kwa hita za ndani. Mtu anajiona anang'aa, anapangusa kwa tona kali yenye spiriti nyingi, ngozi inazidi kukauka, nayo kwa hofu inatoa mafuta zaidi. Anapangusa tena. Mwisho wake ni hayo magamba uliyoyaona, na chini ya magamba mafuta yale yale. Kupunguza spiriti wakati wa baridi ni wazo sahihi kabisa. Hapo ndipo hofu yangu inapoanzia, Kinanda, kwa kuwa mimi nami nilifikiri hivyo hivyo, tena nikajipongeza.

Jambo tusilolifikiria, wewe na mimi, ni kazi nyingine ya ile spiriti. Ule unga mweupe, asidi ya chunusi, hauyeyuki kwa maji. Ni spiriti inayoushika. Ukiipunguza spiriti bila kuupunguza unga, halafu ukaliacha pipa kwenye baridi, unga unaachiwa. Unashuka taratibu, unaganda chini vijiti vidogo vinavyometa. Ndiyo sukari yako. Uliyowauzia wateja ni ya juu, karibu maji ya waridi matupu, hayatawadhuru wala hayatawafaa. Lakini kule chini asidi yote ya pipa imekusanyika mahali pamoja.

Na ukiipasha, mwanangu, sukari inapotea. Hilo ndilo la kutisha. Maji yanakuwa meupe, safi, mazuri kuliko yote uliyowahi kuyaona kwenye chupa. Hayatoi harufu ya kukuonya. Unaona imechanganyika, unafurahi, unachukua pamba.

Mama yako alichukua pamba.

Hukumwona kabla ya siku ile, au ulimwona kwa macho ya mtoto mchanga yasiyoweka kumbukumbu. Picha zote alizichoma. Nikuambie basi alivyokuwa. Alikuwa na uso wa mafuta kama wa Mdadisi, laini, wa rangi moja tangu kwenye paji mpaka kidevuni. Aliniuzia tona kwenye meza mbele ya karakana yangu, na watu walinunua kwa kumtazama yeye. “Kaka,” alikuwa akinitania mbele ya wateja, “mimi ni kisima cha mafuta, serikali isisikie. Bila maji yako nisingepita karibu na moto.” Wateja wakicheka, amekwisha wafungia chupa.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya dobi. Ukuta wetu ulikuwa ukuta wake, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa na joto mwaka mzima na upande mwingine, ulipokaa pipa, ulikuwa baridi kama kaburi. Kwa sababu hiyo tulikuwa na desturi yetu. Asubuhi za baridi, kabla ya kujaza chupa hata moja, tuliomba kwa dobi mataulo yaliyotoka kwenye maji yanayochemka, tukalivisha pipa kama mgonjwa, tukalikoroga kwa mti mrefu mpaka mkono ukahisi kwamba chini hakuna kitu kinachokwaruza. Ndipo tulijaza. Desturi hiyo niliiweka mimi na niliwafundisha wote. Baba yako alikuwa mtu wa kuosha chupa, kubeba makreti na kuzibua mabomba yetu, maana yaliziba kila mara. Watu walimwita Mrefu. Naye alikuwa akiliambia pipa, “Vaa koti, bibi, tuanze kazi.”

Majira yale ya baridi ndiyo niliyotengeneza tona ya spiriti kidogo. Niliiita tona ya kipupwe, na mnunuzi wa maduka makubwa akaipenda kabla ya kuijaribu. Siku aliyokuja kuchukua mzigo, boila ya dobi ilikuwa imekufa. Hapakuwa na mvuke, hapakuwa na mataulo. Mrefu nilikuwa nimemtuma mbali kufuata makreti. Mnunuzi alikuwa mlangoni, gari lake linanguruma, ananiambia, “Mkemia, mimi siwezi kusubiri pipa liamke.” Alisema hivyo, nami nikacheka pamoja naye.

Nikajaza peke yangu, pipa likiwa baridi. Nilichota juu kwa kopo, chupa baada ya chupa, mpaka mzigo wake ukatimia. Chini yakabaki ya kujaza chupa moja. Nikaliinamisha pipa, nikaijaza. Jioni Mrefu aliporudi nikampa mkononi: mpelekee mkeo, ya kwake imekwisha.

Kilichofuata nilikisikia kwa mama yako mwenyewe, baadaye sana, kwa maneno machache. Chupa ilikuwa baridi akaona itamkereketa uso. Akaisimamisha kwenye sufuria ya maji ya moto, kama unavyotaka kufanya wewe. Akalowesha pamba, akazilaza mashavuni, akafunika kwa taulo la uvuguvugu, akajinyoosha. Alikuwa amechoka, wewe ulikuwa umelia mchana kutwa. Si bure tulikuita Kinanda. Ilianza kuwasha, akadhani ni dawa inafanya kazi. Hilo nakuomba ulisome mara mbili. Alidhani ni dawa inafanya kazi.

Uso wake uliujua. Ule mtandio alioushusha mpaka kwenye nyusi, zile alama mbili zilizofanana na ramani, kule kukaa daima upande wa chumba usio na dirisha. Ulikua ukiyaona hayo ukadhani ndivyo mama walivyo.

Daktari wa wakati ule alisema ni asidi kali. Alisema kweli. Sebuleni kwetu tukakusanyika, na mama mkubwa, dada yetu wa kwanza, ndiye aliyehoji, maana hakuna aliyethubutu kumnyang'anya kazi hiyo.

“Wewe Mrefu, ulichukua chupa gani?”

“Niliyopewa, dada.”

“Ulipewa na nani, na chupa zinajaa rafu nzima?”

Akanitazama. Hakunishitaki, alinitazama tu, akisubiri nimalizie maneno yake kama shemeji anavyopaswa. Nami nikasema, nikiwa nimeshika kikombe cha chai ambacho sikukinywa, kwamba dawa ya kuzibulia mabomba huwa tunaiweka rafu ya chini, katika chupa za namna ile ile. Basi. Sikusema kwamba aliichukua. Niliyosema yalikuwa kweli tupu, kila neno. Wengine walimalizia wenyewe, na mama mkubwa akaanza kulia kwa sauti.

Waliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Mama yako, kutoka chumbani, kwenye bandeji, alisikia. Baba yako aliondoka nyumbani kabla bandeji hazijatolewa. Alinijia karakanani mara moja tu baada ya hapo. “Shemeji,” aliniambia, “sema basi ulivyonipa. Sitaki kingine.” Nikamwambia nina kazi. Akalitazama pipa, akatoka.

Nimeishi na woga tangu hapo, na nataka uujue ulivyo, usije ukadhani uzee unautuliza. Kila mteja aliyeingia na chupa yangu mkononi nilitokwa jasho kabla hajafungua mdomo. Mwanamke akijifunika uso kwa sababu ya vumbi tu, nilivuka barabara. Niliifunga karakana, nikarudi kufundisha, na kila nilipofika somo la vitu kuyeyuka nilimpa kitabu mwanafunzi asome kwa sauti, nikageukia dirisha.

Lakini woga wa juma hili ni mwingine. Ule wa zamani ulikuwa wa kujulikana. Huu ni wa kuchelewa. Naogopa Jumamosi. Naogopa Mdadisi aje Ijumaa badala ya Jumamosi, maana watoto wa siku hizi wakipewa ruhusa mapema hawasemi. Naogopa ausikie uso wake unawaka, akuite, nawe umwambie kwa upendo, tulia mwanangu, ndiyo inafanya kazi. Kila simu ya muuguzi inapolia nashika ukingo wa kitanda. Jana ilikuwa fundi wa jiko lake akiuliza njia.

Tena naogopa kufa kabla ya ukurasa wa mwisho, nikakuacha na nusu ya habari, nawe ukaimalizia mwenyewe kama tulivyomalizia habari ya baba yako.

Kwa hiyo fanya hivi, leo, kabla hujaendelea kusoma. Vaa glavu. Funga hilo pipa na chupa yoyote uliyotilia ya chini, vitoe nje vyote mahali mtoto hafiki, uandike juu yake kwa herufi kubwa: SUMU. Usiipashe, usiichanganye na maji ukitumaini kuipooza, usimwage kwenye sinki. Mpelekee mfamasia wa huko amalizane nayo. Na kama nimechelewa, kama umekwisha kumpaka, mwoshe kwa maji mengi ya baridi yanayotiririka, kwa muda mrefu mpaka uchoke na uzidi, bila sabuni, bila kusugua, bila mafuta yoyote juu, kisha hospitali mbio. Usimfunike uso. Usikae kusubiri kuona.

Najua utauliza, sasa uso wa mtoto nifanyeje? Swali la haki, nami bado ni mwalimu. Anawe kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa sabuni ya upole, jioni na asubuhi. Tona anunue dukani, ya kiwanda, isiyo na spiriti, na asidi yake iwe kidogo sana kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Kipindi cha baridi apake mara moja tu kwa siku, jioni, na akianza kukauka apumzike siku kadhaa. Aimimine kiganjani, aibonyeze usoni kwa vidole. Pamba inasugua na inakunywa nusu ya dawa. Kabla haijakauka vizuri, juu yake apake losheni nyepesi ya maji maji. Ndiyo, hata mwenye uso wa mafuta. Atakubishia. Mwambie babu amesema uso usiopewa maji unajitafutia mafuta. Na ngozi ikiwaka, anawe. Ngozi inayowaka haiponi, inaomba msaada. Kisha umwambie pia kwamba kung'aa pua si ugonjwa. Mama yako alining'aria hivyo miaka yote aliyokuwa na furaha.

Baba yako yu hai. Sikutafuta kukuambia hivi katikati ya habari za losheni, lakini nguvu zangu haziji kwa mpangilio. Anatengeneza majiko na pasi katika kibanda nyuma ya soko letu. Muuguzi anamfahamu, ndiye anayemtengenezea jiko lake, na ndiye yule aliyepiga simu jana akiuliza njia. Nilijua ni yeye kwa sauti iliyotoka kwenye simu. Imezeeka, lakini haijabadilika. Hakujua nani amelala ndani ya nyumba hii, nami nilijifanya nimesinzia. Nimemwomba muuguzi akuandikie namba yake mwisho wa ukurasa huu. Utakachofanya nayo ni chako.

Nisalimie mkwe wangu; mwambie mgongo haupendi kulala kwenye kochi mbele ya televisheni. Nisalimie mama mkwe wako, na lile jino lake la dhahabu. Binamu yako Mapozi akikupigia, mwambie sina kinyongo naye kwa redio aliyoichukua, aendelee kuisikiliza kwa ajili yangu. Mama mkubwa bado yupo, kiziwi kabisa sasa, anamsalimu kila mtu kwa mkupuo. Muuguzi naye anakusalimu na anasema unachekesha. Na Mdadisi mbusu kwenye mashavu yote mawili, kwa mdomo mkavu.

Mungu aulinde uso wa mtoto huyo dhidi ya ubaya, na zaidi dhidi ya mikono inayoukaribia kwa mapenzi bila kujua. Akujalie wewe uzee wenye watu ndani yake, na usiku usio na kitu cha kuhesabu.

Ningependa kuishia hapo. Muuguzi ametazama saa, na mkono umelegea. Lakini nakujua, Kinanda. Umenipenda tangu mdogo na utanitafutia mlango wa kutokea. Nakuona umekaa na simu, unasema moyoni: Mjomba asingempa mama chupa yenye sukari, yeye ni mkemia, angeiona. Basi yake haikuwa na sukari. Basi ilikuwa kitu kingine, na hii yangu ni salama. Na kwa mlango huo huo Mdadisi ataingia ndani ya moto.

Kwa hiyo nakufungia. Niliiona. Niliinua chupa ile mbele ya dirisha nikaiona sukari imejaa chini, inameta, na nilijua ni nini, kwa jina lake na kwa kazi yake, kama ninavyojua leo. Nilijua kwamba mteja akipewa chupa ile atairudisha, atapiga kelele mbele ya watu, na jina la tona yangu litaharibika. Dada yangu asingerudisha. Ndiyo sababu nilimpa yeye.

Wako akupendaye, hata pale wewe utakaposhindwa kunipenda,

Mjomba